Kata Tu Waya wa Honi

Mtu akija gereji kwangu na kuniagiza cha kufanya kabla hajaniambia gari linaumwa nini, huwa najua kwamba ameshapita kwa mafundi wengi, na kwamba mimi na yeye tutagombana. Yule bwana alishuka kwenye gari jeusi la Kijapani lenye vioo vya giza. Viatu vyake havikuwa na chembe ya vumbi, jambo ambalo Kahama wakati wa kiangazi linahitaji utaalamu wa pekee. Akatazama huku na huko, kisha akaniuliza, "Dada, fundi yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Akatazama tena, labda nilikuwa nimemficha mwanaume nyuma ya pipa la maji. Nimeshazoea. Umeme wa magari nilisomea chuo cha ufundi, nikafanya kazi kwa mkandarasi aliyehudumia magari ya mgodi upande wa Buzwagi, na kazi ilipoisha nikafungua gereji yangu kando ya barabara iendayo Ushirombo. Bado kila wiki yupo anayenituma nikamwitie fundi. Wengine huwa nawaitikia vizuri, naingia ndani, nakunywa maji, halafu natoka nikiwa fundi. Siku hiyo sikuwa na kiu.

"Sawa, dada fundi," akasema. "Kazi yenyewe ndogo. Kata tu waya wa honi."

"Honi ina nini?"

"Inalia."

"Honi kazi yake ni kulia, kaka."

"Inalia yenyewe. Kuna mteja anatoka Chato, anakuja wiki hii kulitazama gari, nataka kuliuza. Asiisikie. Wewe kata tu waya."

Nikamwambia mimi sikati waya nisioujua kosa lake. Nilisema kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, maana hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mji huu umejaa mafundi wa kukata. Taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi, wanatoa balbu. King'ora kikilia, wanang'oa king'ora. Gari linaingia kwao na ugonjwa mmoja na kutoka na mmoja uleule, ila sasa haliwezi kuusema. Nilimtaka anieleze habari nzima toka mwanzo, naye akanieleza kwa unyonge wa mtu aliyekwisha kuieleza mara nyingi.

Honi ilikuwa imebadilishwa. Betri ilikuwa imebadilishwa. Relei, fyuzi, swichi ya usukani, king'ora cha wezi, vyote vilikuwa vimebadilishwa au kutupwa. Na siyo honi peke yake: waipa nazo hufagia kioo kikavu, milango hujifunga, taa za ndani huwaka mchana. Halafu vyote hutulia, na gari huwa na adabu kama siku lilipotoka bandarini.

"Vinaanza wakati gani?" nikauliza.

Akasogea karibu, akashusha sauti. "Mama akipanda."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mama yake alikuwa mjane, akiishi kijijini nje ya Ushirombo, na tangu alipovunjika nyonga mwanawe alikuwa amemleta Kahama akae naye. Yeye bwana alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mwenye maduara yake mawili, mashimo ya wachimbaji wadogo, kule Bulyanhulu, na alikuwa na uwezo wa kumtunza mama yake, tena alitaka watu waone kwamba anamtunza. Kwa hiyo mama hakupandishwa nyuma hata siku moja. Mama mzazi hukaa mbele, pembeni ya mwanawe, kioo kimeshushwa, mji mzima umsalimie. Na kila alipokaa hapo mbele, akishavuta mlango, gari lilipiga ukelele. Njia ya hospitali, ukelele. Njia ya kanisani, ukelele, hadi paroko akatoka nje kutazama nani anakuja na harusi.

"Na mama asipokuwepo halijawahi kulia?"

"Halijawahi." Akafikiri. "Njia ya Bulyanhulu hulia kidogo. Lakini hiyo ni barabara mbovu."

Nilimtazama usoni nione kama anasikia anachokisema. Hakuwa anasikia. Gari likilia kwenye makorongo ya Bulyanhulu, kosa ni la barabara. Likilia mama amekaa, kosa ni la mama. Nimekutana na watu wenye akili sana katika biashara ya dhahabu, wanaoweza kulitazama jiwe na kukwambia limebeba nini, na huyu alikuwa mmoja wao.

Basi akamalizia. Mganga wake alikuwa amesema gari linamkataa mtu, na anayekataliwa na chombo anajulikana ni nani. Neno lilikuwa limefika kwa baba zake wadogo, ndugu wa marehemu baba yake, nao walikuwa wanakuja Jumamosi kukaa kikao nyumbani kwake. Baada ya kikao mama angerudishwa kijijini.

Aliposema hivyo hakunitazama. Na mimi sikuwa na mzaha tena. Sisi tuliozaliwa huku hatuhitaji kuelezwa. Bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kupikia, akirudishwa kijijini na neno la uchawi kichwani, watu hawamsalimii tena, watoto wanafundishwa kupita mbali na uzio wake, na mwishowe anatokea mtu na panga. Nilijua hivyo. Yeye alijua. Mama mwenyewe bila shaka alijua kuliko sisi wote. Nilimchukia yule bwana kwa muda, halafu nikaona mikono yake inavyocheza na ufunguo, nikaelewa kwamba ninayemtazama ni mtu anayeogopa. Hiyo haikunifanya nimpende.

"Weka ufunguo hapo," nikamwambia. "Leo hakatwi mtu wala waya."

Niwaeleze kidogo wasiojua magari. Zamani ulipobonyeza honi, umeme ulikwenda moja kwa moja ukalia. Magari ya siku hizi hayana haraka hiyo. Ukibonyeza, unapeleka ombi kwenye kisanduku tunachokiita kontroboksi ya bodi, chenye ukubwa wa kitabu cha sala, na hicho ndicho kinachoamua honi ilie, waipa zifagie, milango ijifunge. Ni kama mwenyekiti wa mtaa: kila jambo lazima lipite kwake, na akiugua yeye, mtaa mzima utadhani umerogwa. Mtu anayebadilisha honi kwa sababu kontroboksi inaumwa ni sawa na anayempeleka jirani hospitali.

Nikachomeka kompyuta yangu ya kupimia. Ikaniambia kontroboksi ya bodi ilipotea hewani, ikarudi, ikapotea tena, na kwamba kuna wakati iliripoti milango yote iko wazi kwa pamoja. Nikapima betri: nzima. Nikapima njia ya umeme unaoingia na ethi zote ninazozijua, zile waya zinazofungwa kwenye chuma cha gari: safi. Nikatikisa dashibodi, nikapigapiga usukani, nikamwagia maji kioo cha mbele nikiwaza labda kinavuja. Gari likakaa kimya kama mtoto mbele ya mgeni. Saa zikaenda. Mama ntilie wa jirani akaanza kuosha sufuria, na waendesha bodaboda wa kijiwe cha mbele, waliokwisha kupata habari yote sijui kwa nani, wakasogeza pikipiki zao waone vizuri.

"Unaona?" yule bwana akasema, kwa huzuni, lakini na ka-ushindi fulani ndani yake. "Mama hayupo."

Ningeweza kufungua pale ilipofichwa kontroboksi, kwenye kona ya chini upande wa kushoto, nikaisafisha, nikafunga, nikasema tayari. Lakini kosa usiloliona likitokea huwezi kuapa kwamba umelitoa. Na hapa hata ningelitoa, Jumamosi mtu angesema lilinyamaza kwa sababu mama hakupanda. Nilihitaji gari liugue mbele ya macho ya watu. Nikamwambia, "Kamlete mama."

Akaniangalia kana kwamba nimemwomba alete simba. "Dada fundi, unataka liharibike kabisa?"

"Daktari hapimi mgonjwa kwa kusimuliwa. Mlete."

Alimpigia simu mkewe. Mkewe alimpandisha mama kwenye bajaji na hakuja naye. Mama alishuka kinyumenyume, mkono mmoja kwenye fimbo, mkono mwingine umeshika rozari na kitambaa, mguu wa kulia umenyooka kabisa. Goti lilikuwa limekakamaa pamoja na nyonga. Kijiwe kizima cha bodaboda kiligeuka kutazama. Yule wa mbele kabisa, kijana anayenitania kila siku, alirudi nyuma hatua kadhaa huku akijifanya anakagua tairi.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu. Kisukuma changu kinaishia karibu hapo, lakini nilitaka wasikie nikimsalimu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ovaroli. "Na wewe umeitwa unitazame nikipanda?"

"Nimeitwa nitazame gari, mama. Nisaidie tu. Kaa kama unavyokaa siku zote."

Alitazama mlango wa mbele uliokuwa wazi kama mtu anavyotazama jiko lililowahi kumuunguza. Kisha akajishikilia, akageuza mgongo, akakaa. Mimi nilikuwa nimelala sakafuni upande wa dereva, kichwa chini ya usukani, tochi mdomoni na kompyuta kifuani, mkao ambao hauna heshima yoyote kwa mwanamke wa umri wangu, lakini unaona kila kitu. Nikamwona akivuta mlango. Nikamwona akijisogeza sawasawa kwenye kiti, na kwa kuwa goti halikunji, akaupeleka mguu mbovu mbele, mshazari, akaukanyagisha kwenye ile plastiki ya pembeni iliyo chini kabisa ya dashibodi, akajisukuma nayo kupata mahali.

Honi ikalia.

Waipa zikaanza kufagia, taa zikawaka, kufuli za milango zikajifunga kwa kishindo nikiwa ndani. Nje nikasikia pikipiki zikiwashwa. Mama akafumba macho, akaanza Salamu Maria kwa Kisukuma, na machozi yakawa yanamtoka bila sauti. Mimi nikatema tochi.

"Mama, mguu! Toa mguu!"

Hakunisikia kwa honi. Nikajivuta, nikaushika mguu wake kwa mikono yangu miwili, nikauondoa kwenye ile plastiki. Kimya. Waipa zikasimama katikati ya kioo.

Tukatazamana. "Urudishe, mama," nikasema. "Polepole. Palepale."

Akaurudisha. Honi ikalia. Akautoa. Ikanyamaza. Nikamwambia tena, na tena ikawa vilevile. Halafu sikumwambia kitu. Mwenyewe aligeuza uso, akamtazama mwanawe aliyekuwa amesimama nje ya kioo amejishika kichwa, akakanyaga. Akatoa. Akakanyaga tena. Alifanya hivyo muda mrefu kuliko nilivyohitaji kwa upimaji, bila kumwondolea mwanawe macho, na sikumkataza.

Mama alipokwisha kushuka nilifungua ile plastiki. Kabla sijaona chochote nilisikia harufu: mizizi, na mafuta ya kondoo yaliyoozea kwenye joto. Kontroboksi ilikuwa pale nyuma yake, imeganda utando mweupe wa chumvi. Plagi kubwa iliyoingia ndani yake ilikuwa ya kijani kwa kutu, na ilikuwa imelegea kiasi kwamba ukiigusa kwa kidole waya zinagusana humo ndani. Mguu ukisukuma plastiki, plastiki ilisukuma plagi. Kwenye makorongo ya Bulyanhulu ilijisukuma yenyewe.

"Nani alimwaga nini hapa?" nikauliza, ingawa nilishajua.

Huku kwenye dhahabu kila kitu huzindikwa. Duara linazindikwa, karasha ya kusagia mawe inazindikwa, duka linazindikwa, na gari jipya haliwezi kutoka tupu likakutane na macho ya watu. Mganga alikuwa amechemsha dawa yake na chumvi ya mawe, akaimimina kwenye upenyo wa ile plastiki, upande wa kushoto, kwa maelezo kwamba mwenye gari huingia kulia na husuda huingia kushoto. Hiyo ilikuwa gari lilipofika. Honi ilipoanza kulia aliitwa tena, akaongeza dawa. Ilipozidi, akaja na kali zaidi. Nilimwonyesha yule bwana tabaka za chumvi, moja juu ya nyingine, kila moja na rangi yake. Gari lilikuwa limetibiwa hadi likakaribia kufa.

Alichutama pale akatazama kwa muda mrefu. Nilingoja aone aibu. Nilikuwa nimeshajiandaa hata kumhurumia. Akainuka, akafuta magoti, akasema kwa sauti ya heshima, "Kumbe dawa yenyewe ilikuwa na nguvu kiasi hiki."

Nilikwenda nikanywa maji.

Kontroboksi ile haikufaa hata kusafishwa, njia zake za shaba zilikuwa zimeliwa. Nikaagiza nyingine kwa wauza vipuri waliotumika, Dar es Salaam, na kabla ya Jumamosi nikampa yule bwana ile mbovu ndani ya mfuko wa nailoni, na plagi yake, na chumvi yake yote. Nikamwambia aiweke mezani mbele ya wazee, wainuse. Nikamwambia pia kwamba nikisikia mama amerudishwa kijijini nitakwenda mwenyewe kwa hao wazee na ovaroli yangu. Alicheka kidogo. Mimi sikucheka.

Habari za kikao alinisimulia mwenyewe baadaye. Wazee walipokezana ule mfuko, wakakubali kwamba chumvi ni adui wa chuma. Halafu baba mdogo aliye mkubwa wao akauliza, kati ya miguu yote iliyowahi kupanda gari lile, kwa nini plagi ilichagua kugombana na mguu wa mama. Wengine wakatikisa vichwa, swali zuri. Ndipo yule bwana, na hapa naomba nimpe haki yake, akasimama akasema mguu wa mama haukunji, na haukunji kwa sababu alianguka akimtekea maji mjukuu wake, na hakuna atakayemtoa mama nyumbani kwake. Kikao kikaishia kwenye wali na nyama. Mganga naye aliitwa, akaeleza kwamba yeye alisema toka mwanzo shida iko upande wa kushoto. Aliondoka na mbuzi. Mimi niliambulia, kama desturi, swali la kwa nini kazi imechukua siku nyingi.

Kontroboksi ilifika kwa basi. Nikaifunga, nikaifundisha kuzitambua funguo za gari, nikasafisha waya, nikafuta kumbukumbu zote za makosa kwenye kompyuta mpaka ikasoma kwamba gari hili halijawahi kuumwa. Nikapanda mbele kushoto, nikaikanyaga ile plastiki kwa nguvu zangu zote. Kimya. Nikawaita bodaboda waje wakanyage na wao. Walikuja mmoja mmoja, yule aliyekagua tairi akiwa wa mwisho.

Walikuja wawili kulichukua, yule bwana na mama yake, kwa bajaji. Alikuwa ameamua haliuzi tena. Alikuwa amevaa shati jipya, na alinipita moja kwa moja hadi kwenye mlango wa mbele, akaufungua wazi kabisa, akasimama ameushika kama watu wanavyoshika mlango wa bibi harusi. "Mama, karibu. Limepona."

Mama alinishika mkono, akanishukuru. Kisha akaupita ule mlango, taratibu, na fimbo yake, akafika mlango wa nyuma.

"Mama, mbele," mwanawe akasema. "Huko nyuma watu watanisema."

Mama alinigeukia mimi.

"Mwanangu, huku nyuma kuna waya?"

"Zipo za milango tu, mama. Na hazina shida."

Akaitika kwa kichwa. Aliingia akajiburuta hadi katikati ya kiti, mbali na mlango wa huku na mlango wa kule, akaulaza mguu wake juu ya kiti ili usiguse chini, akaipakata mikono. Mwanawe alibaki ameshika mlango wa mbele kwa muda. Halafu akaufunga, akazunguka, akaingia upande wake, na wakaondoka hivyo kuelekea mjini, kiti cha pembeni yake kikiwa kitupu.